Kuponyoka kutoka Bandari Iliyozingirwa: Zanzibar 1896, Rufiji 1915, Sudi 1916 na Nafasi ya Riwaya ya Kihistoria

1. Utangulizi

Miongoni mwa visa vinavyopendwa na waandishi wa riwaya za kihistoria kimo kisa cha chombo kilichozingirwa bandarini. Muundo wake ni mmoja, hata majina na nyakati zikibadilika. Manowari za adui zimejipanga nje ya mlango wa bahari. Ndani, nahodha anahesabu makaa na chakula kilichobaki. Usiku mmoja maji yanajaa, taa zinazimwa, nanga inang'olewa kimyakimya, na kufikia alfajiri adui anaamkia bandari tupu. Msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika, kwa kuwa ujasiri umeshinda nguvu.

Makala haya yanakusudia kukitazama kisa hicho kwa macho ya mwanahistoria na ya mwanafunzi wa Kiswahili. Yatachunguza matukio matatu yaliyotokea katika mwambao wa Afrika Mashariki kati ya mwaka 1896 na 1916: kuondoka kwa Sayyid Khalid bin Barghash kutoka Zanzibar, kukwama kwa manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, na kuponyoka kwa meli Marie kutoka ghuba ya Sudi. Kisha yatauliza jinsi riwaya na filamu zilivyoyatumia matukio ya aina hiyo, na ni watu gani walioachwa ufukweni hadithi ilipong'oa nanga.

Huenda msomaji wa Kindu au Punia akauliza bahari inatuhusu nini sisi tulio bara, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Majibu ni mawili. Kwanza, lugha tunayoiandikia ilifika Lualaba ikitoka pwani hiyo hiyo, katika misafara ya akina Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Pili, kama tutakavyoona, shehena iliyoshushwa ufukweni usiku mmoja iliweza kuamua mwendo wa vita ambavyo watu wa mashariki ya Kongo walivibebea mizigo.

2. Maneno na watu

Kabla ya kuyaingia matukio yenyewe, inafaa kuyatazama maneno tunayoyatumia, kwa sababu kila neno ni ushahidi wa aina yake. Bandari ni neno lenye asili ya Kiajemi. Rubani lilitoka Kiarabu, na kabla ya kuhamishiwa kwenye ndege lilikuwa jina la mtu aliyezijua njia za maji, aliyeiongoza meli kuingia na kutoka. Manowari limetokana na jina ambalo mabaharia wa Kiingereza waliipa meli ya vita, na meli lenyewe limetokana na neno lao la barua, kwa kuwa vyombo vya moshi vilivyozoeleka pwani ndivyo vilivyoleta barua. Mpagazi limetoka kwa Wanyamwezi, ambao kazi ya kubeba mizigo kutoka bara hadi pwani iliwafanya mashuhuri katika karne ya 19.

Tukiyapanga maneno hayo, tunapata picha nzima ya bandari: pahali penyewe, anayejua maji, chombo cha kutisha, chombo cha kawaida, na anayebeba. Riwaya za kutoroka baharini kwa kawaida huwashughulikia manowari na nahodha. Rubani hutajwa kwa mbali. Mpagazi hutajwa kama wingi, si kama mtu. Tuliweke jambo hili akilini tunapoendelea.

3. Zanzibar, 1896: lango la bustani

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yao. Waingereza walimtaka aondoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakuondoka. Dakika mbili baada ya muda huo kupita, manowari zilizokuwa bandarini zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Glasgow, meli pekee ya vita ya Sultani, ilizamishwa hapo hapo. Mapigano hayakuchukua hata saa moja. Watu wa upande wa Khalid waliouawa au kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Alasiri ya siku hiyo Hamoud bin Mohammed aliwekwa katika kiti cha usultani.

Katika machafuko hayo Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani pamoja na wafuasi wake wapatao 40. Hapo ndipo palipoanza mzingiro wa aina ya pekee. Waingereza waliweka walinzi nje ya ubalozi usiku na mchana, wakiwa na amri ya kumkamata mara atakapotoa mguu nje. Wajerumani walikataa kumtoa kwa hoja ya kisheria, kwamba mapatano ya kurudishiana wahalifu baina ya dola hizo mbili hayakuwahusu wakimbizi wa kisiasa. Waliahidi kumhamishia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani bila yeye kukanyaga ardhi ya Zanzibar.

Lakini mtu atatokaje kisiwani bila kukanyaga ardhi yake? Jibu lilitolewa na bahari. Tarehe 2 Oktoba 1896 manowari ya Kijerumani Seeadler ilitia nanga bandarini. Maji yalipojaa, mashua yake mojawapo ilifika hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akapanda moja kwa moja kutoka ardhi ya ubalozi, ambayo kisheria ilihesabiwa kuwa ya Ujerumani, hadi katika chombo cha Kijerumani. Walinzi walikuwepo na manowari za Kiingereza zilikuwepo, wala hakuna aliyefyatua risasi. Khalid alipelekwa Dar es Salaam.

Tukio hili lina mengi ya kumfundisha mwandishi wa riwaya. Halikufanyika usiku wala halikuwa na mbio. Nguvu yake ilitokana na kujua kwa hakika mahali maji ya Shangani hufika yanapojaa na mahali sheria hukomea. Ukingo wa maji ulikuwa ndio mpaka wa dola, na mpaka huo ulisogea mara mbili kila siku kwa kujaa na kupwa.

Lina pia mwisho ambao hadithi nyingi za kutoroka huukwepa. Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Khalid aliishi Dar es Salaam chini ya ulinzi wa Wajerumani mpaka vita vikuu vilipofika. Mwaka 1917 Waingereza walimkamata, wakamfungia kisiwani Saint Helena, kisha Shelisheli, na hatimaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Waliouawa katika jumba la kifalme hawakupata mashua ya kuwafuata langoni.

4. Rufiji, 1914–1915: kutoroka kusikotokea

Vita vilipoanza Agosti 1914, Ujerumani ilikuwa na manowari moja ya kisasa katika pwani yetu, Königsberg, iliyoongozwa na Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imesimama ikitengenezwa mitambo. Baada ya hapo Königsberg yenyewe ilipatwa na hitilafu ya mitambo, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameupima mtandao wa mikondo ya delta hiyo kabla ya vita, na walijua kwamba meli kubwa ingeweza kupita mahali ambapo ramani za Waingereza hazikuonyesha njia.

Vipuri vilivyoharibika vilipelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, vikatengenezwa katika karakana za huko, vikarudishwa vikivutwa na vibarua Waafrika. Kazi hiyo peke yake ingestahili riwaya. Lakini vilipokuwa vimerudi, mlango ulikuwa umefungwa. Mwishoni mwa Oktoba 1914 Waingereza waliiona Königsberg, wakaweka manowari nje ya delta, na mwezi Novemba wakaizamisha kwa makusudi meli kuukuu iitwayo Newbridge katika mkondo mmojawapo ili kuuziba. Tarehe 1 Machi 1915 walitangaza rasmi mzingiro wa pwani yote ya koloni hilo.

Miezi ikapita. Makaa yalipungua, malaria ikawapunguza mabaharia, na meli iliyojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi ikawa ngome iliyofichwa kwa matawi ya mikoko. Tumaini lililobaki lilitoka mbali. Meli ya mizigo Rubens ilitumwa kutoka Ujerumani ikiwa na makaa kwa ajili ya Königsberg na silaha kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Iligeuzwa jina kuwa Kronborg na kupeperusha bendera ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani. Hapa kuna jambo la kumvutia mwanaisimu: mabaharia wake walichaguliwa kutoka sehemu za Schleswig ambako Kidenmark kilizungumzwa, ili chombo kikisimamishwa na kukaguliwa, ndimi za watu zisiisaliti bendera. Tarehe 14 Aprili 1915 ilikimbizwa na manowari Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliiacha ikae chini katika maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Wajerumani walirudi kuopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa baruti, zikafungwa upya. Makaa hayakufika Rufiji.

Mwezi Julai 1915 Waingereza waliingiza mtoni vyombo viwili visivyohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, na tarehe 11 ya mwezi huo Looff aliamuru meli yake iharibiwe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa barabarani kwa nguvu za watu na kupigana nchi kavu. Mmoja ulipelekwa hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen. Kwa maana hiyo Königsberg ilitoka Rufiji, lakini ilitoka vipande vipande, ikivutwa na watu.

5. Sudi, 1916: Marie

Sudi ni mji wa kale wa Waswahili ulio kati ya Lindi na Mikindani. Habari zake za jadi zilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili kabla ya vita, wakati Carl Velten alipokusanya maandishi ya watu wa pwani yaliyochapishwa mwaka 1907. Ghuba yake ina mlango mwembamba na kona zinazoificha meli iliyo ndani isionekane na aliye baharini. Majahazi yaliifahamu sifa hiyo tangu zamani. Mwaka 1916 ilihitajika kwa jambo kubwa zaidi.

Hali ya Wajerumani wakati huo ilikuwa ngumu. Majeshi ya Jenerali Smuts yalikuwa yakisonga kutoka Kilimanjaro, Wabelgiji walikuwa wakijiandaa kuvuka kutoka Kivu na Ziwa Tanganyika, na tarehe 9 Machi 1916 Ujerumani iliitangazia Ureno vita, hata mpaka wa Ruvuma ukawa nao ni mpaka wa adui. Ni katika majuma hayo, katikati ya Machi, ndipo Marie ilipoingia Sudi baada ya safari ndefu kutoka Ujerumani, ikiongozwa na Sörensen, afisa wa akiba wa jeshi la majini. Ilileta mizinga minne ya milimita 105, mizinga miwili ya milimani, makombora, bunduki, risasi, nguo, na dawa, ikiwemo kwinini ambayo bila yake hakuna jeshi la Ulaya lililoweza kudumu katika nchi hii.

Sudi haikuwa na gati wala mashine za kupakulia. Reli iliyokuwa karibu zaidi, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikuwa mbali kwa mamia ya kilomita. Kila kitu kilishushwa kwa mashua, kikafikishwa ufukweni kwa mikono, kikaondoka vichwani na mabegani mwa wapagazi. Katika hesabu za vita vile, mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 25 hadi 30. Shehena ya meli nzima ikigawanywa kwa kipimo hicho, inatoa misururu ya maelfu ya watu wanaopita nchi ambayo miaka 10 tu kabla ya hapo ilikuwa imeteketezwa katika kuizima Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907, na katika njaa iliyofuata. Wengi wa waliobeba walikuwa wamezikumbuka njaa hizo kwa miili yao wenyewe. Upakuaji ulikamilika. Waingereza walipoigundua Marie mwezi Aprili na kuipiga kwa mizinga, walikuwa wakipiga meli iliyokwisha kutua mzigo wake.

Meli iliumizwa lakini haikuzama. Matundu yakazibwa kwa vifaa vilivyopatikana, na hapo ndipo kilipoanza kisa kinachofanana kabisa na vile vya riwayani. Nje palikuwa na vyombo vya Waingereza. Ndani palikuwa na meli iliyotobolewa, mabaharia wachache, na njia moja tu ya kutokea, nyembamba na yenye kona. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili 1916, Marie ilipita mkondo huo, ikawapita walinzi, ikaingia bahari kuu. Aprili ni mwezi wa masika, na ni wakati upepo wa kusi unapoanza kushika pwani. Mwezi Mei ilifika Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, katika milki ya Uholanzi ambayo haikuwa vitani.

Hakuna sababu ya kuudharau ujasiri huo. Kumpeleka mtu meli yenye majeraha kupitia mlango wa Sudi usiku, huku adui yuko nje, ni kazi ya mabingwa. Hata hivyo, yafaa tuulize maana ya tukio. Kilichoponyoka Sudi kilikuwa chombo kitupu. Shehena yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya safari nzima, ilikuwa imekwisha kutoroka kwa upande wa pili, kwa miguu, kuelekea bara. Mzingiro ulivunjwa mara mbili, mara moja na nahodha na mara moja na wapagazi, na ni mara ile ya pili iliyobadilisha vita. Silaha na dawa za Marie, pamoja na zile zilizoopolewa Manza, zilimsaidia von Lettow-Vorbeck kuendelea kupigana wakati bandari zake zote zilikuwa zimekwisha kutekwa. Sudi yenyewe ilitwaliwa Septemba 1916. Yeye alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya.

Muda huo ulioongezeka ulilipiwa na watu wa nchi: waliochukuliwa kubeba, walionyang'anywa mtama na mifugo, na waliokufa kwa kuhara na homa njiani. Kumbukumbu rasmi za Waingereza peke yake zinataja wabebaji zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaiona idadi ya kweli kuwa kubwa zaidi. Lugha imewahifadhia ukumbusho ambao hawakujengewa kwa mawe. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji, lililotafunwa na vinywa vya Waswahili mpaka likawa letu.

6. Riwaya zilichokichukua na zilichokiacha

Riwaya mbili mashuhuri za Kiingereza zimetokana na vita hivi vya majini. Ya kwanza ni The African Queen ya C. S. Forester, iliyotolewa mwaka 1935. Humo mashua dhaifu inatelemka mtoni, inaipita ngome ya Wajerumani chini ya risasi, ikiwa na lengo la kuizamisha meli iliyotawala ziwa. Mwandishi amekigeuza kisa cha Ziwa Tanganyika, ambako mashua mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizisafirisha nguvu za bahari hadi katikati ya Afrika. Ya pili ni Shout at the Devil ya Wilbur Smith, ya mwaka 1968, ambamo Königsberg imepewa jina la Blücher. Meli iliyojeruhiwa imejificha Rufiji ikitengenezwa ili iponyoke, na wahusika wakuu wanapigania kuizuia.

Riwaya hizi ni za kusisimua na zina ufundi. Zinayajua matope, mbu, mikoko na mikondo. Lakini angalia jinsi zinavyowagawa watu. Katika Shout at the Devil, mhusika Mwingereza anajipaka rangi na kujichanganya na vibarua Waafrika ili afike melini na bomu. Hila hiyo inategemea jambo moja: kwamba machoni pa walinzi, na kwa kiasi kikubwa machoni pa hadithi, vibarua hao hawana nyuso. Wingi wao ni pazia la shujaa kujifichia. Katika The African Queen wanakijiji wanaondolewa mwanzoni mwa hadithi, wakichukuliwa na jeshi la Wajerumani pamoja na vyakula vyao, ili mto ubaki mtupu kwa ajili ya watu wawili. Forester anaujua ukweli wa historia kwamba majeshi yalikomba vijiji, lakini hawafuati waliokombwa.

Si kwamba kosa ni la aina ya utanzu. Riwaya ya kihistoria haiwezi kumtaja kila mtu, na kisa cha kutoroka kwa asili yake hukazia macho wachache walio chomboni. Tofauti hutokana na mahali mwandishi aliposimama. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wake juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, aliziona meli za Kijerumani kutoka nchi kavu, kama mtu wa Mrima. Adam Shafi, katika riwaya yake Kuli ya mwaka 1979, aliitazama bandari ya Zanzibar kutoka kwa mchukuzi, na mgomo wa wachukuzi wa 1948 ukawa ndio tukio kuu. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alisimulia katika Paradise ya 1994, iliyotafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, jinsi dola na jeshi vilivyowafikia watu wa pwani na bara, na katika Afterlives ya 2020 akawafuata askari na familia zao hadi baada ya vita. Waandishi hawa hawakuupunguza msisimko. Waliuhamisha tu kutoka kwenye sitaha hadi kwenye gati.

Kwa hiyo kisa cha Marie bado kinangoja riwaya yake ya Kiswahili. Vipengele vyote vipo: mji wa kale, ghuba yenye kona, usiku, manowari, na mlolongo wa watu wanaopanda kutoka ufukweni wakiwa na mizinga ya watu wengine vichwani. Swali la kisanaa ni moja: je, sura ya mwisho iende Batavia na meli, au iende bara na mizigo?

7. Kutoka bahari hadi Lualaba

Kwetu Maniema swali hilo si la nadharia tu. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na kabla ya hapo lilikuwa limezuiwa kwa muda mrefu na maji. Graf von Götzen na wenzake waliitawala Tanganyika, na mwambao wetu wa ziwa, kuanzia Lukuga, ulikuwa nao umezingirwa kwa maana halisi ya neno. Ili kuuvunja mzingiro huo, njia ya Lualaba ilitumiwa: Mimi na Toutou zilielea mtoni kutoka Bukama hadi Kabalo, kisha zikapanda gari la moshi hadi Lukuga. Kindu ilikuwa kituo cha reli ya kwenda Kongolo na mwisho wa safari ya meli kutoka Ubundu, na hivyo ilikuwa katika mstari uleule wa bidhaa, wanajeshi na wapagazi. Von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, ikaopolewa baadaye, na ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Hadithi nayo ilifika kwetu kwa mkondo huo huo. Mwaka 1951 John Huston alipoitengeneza filamu ya The African Queen, sehemu yake ilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, jirani na Punia. Mto wa Kongo ukaigiza mto wa Tanganyika. Wapiga kasia na vibarua wa hapo walikuwa wazao wa kizazi kilichobeba mizigo ya vita vile vile, na sasa walibeba vifaa vya filamu iliyovihusu. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa watu kuwamo ndani ya historia na kukosekana ndani ya hadithi yake.

Wagenya wa Lualaba, ambao kwa vizazi wamekuwa marubani wa maporomoko na mikondo, wanajua kwa vitendo yale ambayo riwaya humsifia nahodha: mahali maji yanapoficha jiwe, saa ambayo mto hukubali chombo kipite, namna ya kushuka bila kelele. Maarifa hayo yana msamiati wake katika Kiswahili cha Maniema na katika lugha jirani. Mwanafunzi wa isimu atakayeukusanya atakuwa amemwekea akiba mwandishi wa riwaya. Kwa hakika, mtu hawezi kuandika usiku wa Sudi kwa Kiswahili kizuri akiwa hana maneno ya kutofautisha mkondo, mlango, kina na fungu.

8. Hitimisho

Matukio matatu tuliyoyachunguza yanaonyesha kwamba kuponyoka kutoka bandari iliyozingirwa hakukutegemea ujasiri peke yake. Khalid alitoka kwa sababu maji yalilifikia lango na sheria ilikomea hapo. Königsberg ilikwama kwa sababu makaa hayakufika, ingawa nahodha na mabaharia wake hawakupungukiwa na moyo. Marie ilitoka kwa sababu ya ghuba, usiku na mabingwa, na safari yake ilipata maana kwa sababu maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuubeba mzigo wake. Katika kila tukio kuna waliobaki nyuma, na gharama iliwafuata wao.

Wajibu wetu, kama walimu na wanafunzi wa Kiswahili, ni wa aina mbili. Tunaposoma riwaya hizi darasani tuulize kila mara ni nani aliyepakua meli. Na tunapokusanya fasihi simulizi katika vijiji vya Maniema, tuzipe nafasi kumbukumbu za ubebaji zilizorithiwa katika koo: nyimbo za safari, majina ya vituo, majina waliyopewa watoto waliozaliwa njiani. Von Götzen ilizamishwa na kuopoliwa, na kwa jina la Liemba iliendelea kubeba abiria ziwani kwa miongo mingi. Habari za waliobeba nazo zaweza kuopolewa, mradi waopoaji wawe wanaijua lugha zilimozama.